Meno ya Fundi na Wiki Zake Nne

Mume wangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Fundi, mpaka na mimi niliyezaa naye watoto watano. Miaka arobaini na mitatu nimekuwa nikimtazama akipiga mswaki, na sijaona mtu mwingine anayeifanya kazi ile kwa hasira namna ile. Anasimama pale uani, anapanua miguu, anaukamata mswaki kwa ngumi kama anavyokamata randa, halafu anaanza. Mbele nyuma, mbele nyuma, mabega yanatikisika mpaka kuku wanasogea. Mswaki wenyewe lazima uwe wa nywele ngumu. Ukimletea laini anakuuliza kama ni wa kumpakia mtoto poda. Na kabla ya mswaki anajisugua kipande cha ndimu, eti meno yafunguke, kisha ndiyo unafuata mswaki na unga wa mkaa.

"Jino ni kama mbao," alikuwa akiwaambia wajukuu. "Unapiga msasa kwanza, takataka zote zitoke. Hapo ndipo linang'aa."

Na yaling'aa, siwezi kumnyima haki yake. Alifika umri wa miaka sabini na mmoja akiwa na meno thelathini, na aliwahesabia wageni bila kuombwa.

Ganzi ilimwanzia karakanani. Maseremala wana mtindo wa kubana misumari kwa meno ili mikono ibaki huru, na asubuhi moja ya baridi Fundi alibana misumari mitatu akainama apige ya kwanza. Nilisikia ukelele nikiwa jikoni. Nilipofika nilimkuta ameshika shavu, misumari imetapakaa chini, na mshonaji nguo aliyekuja kuulizia kitanda chake amejishika kifua.

"Amemeza!" akasema mshonaji.

"Sijameza kitu," akasema Fundi. "Misumari ya siku hizi ni mibovu."

Kesho yake ikawa chai ndiyo mbovu. Keshokutwa sukari. Baadaye ikawa ni mimi, kwamba nachemsha maji kupita kiasi, na nikimpa ya vuguvugu, basi sijachemsha. Mwisho hata upepo ukawa adui yake. Alikuwa akitoka nje amefunika mdomo kwa leso, watu wanampa pole ya msiba.

Sasa tuna jirani, karani mstaafu, tunamwita Mzee Seti kwa sababu ana meno ya bandia seti nzima, ya juu na ya chini. Yanapendeza, yamepangwa kama vigae. Mzee Seti alimkuta Fundi kibarazani ameshika tama, akakaa bila kukaribishwa.

"Ng'oa yote, Fundi. Yote! Mimi tangu niyang'oe sijui maumivu ni kitu gani. Maji ya barafu nayagida kama ngamia."

"Yote thelathini?"

"Unabakiza ya nini? Ya kumbukumbu?"

Fundi akacheka, akashika shavu. Nilimwona anafikiri. Fundi akifikiri kuhusu kazi yake anaweza kuchukua mwaka, lakini siku ile alichukua muda wa Mzee Seti kuvuka uzio tu.

"Mama watoto," akaniita. "Nimeamua. Nang'oa."

Niseme kwa nini jambo lile lilinikata maini. Mimi nina mapengo tisa. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, baada ya mtoto wa pili, meno yalinishika ganzi vilevile, nikashindwa hata kunywa maji. Fundi alikuwa kijana, ana haraka ya kila kitu isipokuwa fanicha za watu. Alinipeleka kwa mng'oaji, akanishika mkono, nikang'olewa tisa kwa siku moja. Maumivu yaliisha, sikatai. Yaliondoka na karanga, na muwa, na kucheka mbele ya kamera. Wajukuu wakitazama picha zangu wanadhani bibi yao alikuwa mkali. Fundi hakumbuki habari ile, na mimi sikuwahi kumkumbusha. Lakini kuitazama mara ya pili sikutaka.

"Sawa, baba watoto," nikamwambia. "Ila kwanza twende tukaonane na daktari wa meno. Akisema ng'oa, nitakushika mkono mwenyewe."

Alikubali kwa sababu jino lilikuwa linauma. Tulipofika zahanati na mlango wa chumba cha meno ukafunguliwa, akageuka.

"Tumekosea mlango."

Nikamshika shati. Ndani alikaa daktari, binti mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wetu, na nikaelewa mara moja kwa nini tumekosea mlango. Alikuwa ameagiza kabati la vifaa kwa Fundi tangu mwishoni mwa mwaka juzi.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Karibuni. Babu, kabati langu halijambo?"

"Marahaba. Halijambo kabisa," akasema Fundi, kama anayemzungumzia mgonjwa aliyepata nafuu. "Limebaki vanishi tu."

Mimi ndiye ninayefagia karakana. Kabati lile lilikuwa mbao sita zimeegemea ukuta, na mjusi alikuwa ametaga nyuma yake. Nikatazama dari.

Daktari alimlaza kwenye kiti, akawasha taa, akapita jino kwa jino na kijichuma chake. Alikuwa na mkono mwepesi na hakuwa na haraka. Fundi aliruka mara nne. Alipomaliza akavua glavu.

"Babu, huna jino bovu hata moja. Hakuna tundu, hakuna ufa. Unapiga mswaki kwa nguvu."

Fundi akanigeukia. "Umesikia? Nasifiwa."

"Sikusifii, babu. Nguvu hiyo ndiyo iliyokuumiza. Fizi zimerudi nyuma, zimeliacha jino wazi kwa chini. Na ganda la juu, lile gumu, umelila kwa kulisugua. Unakula vitu vikali?"

"Anajipaka ndimu," nikasema. "Halafu mkaa."

Daktari akafumba macho kidogo. "Ndimu inalilainisha ganda. Ukisugua papo hapo, unalikwangua. Na likishakwanguka halioti tena. Chini yake jino lina vitundu vidogo sana, huwezi kuviona, vimekwenda mpaka kwenye mshipa wa fahamu. Baridi ikipenya humo, unaruka."

Fundi alikaa wima. Lugha hii aliielewa.

"Kwa hiyo vanishi imetoka, mbao imebaki wazi."

"Ndivyo."

"Basi paka vanishi nyingine, niende."

"Vanishi yako hii hapa." Akamwekea mkononi dawa ya meno ya kutuliza ganzi na mswaki wa nywele laini. "Asubuhi na kabla ya kulala. Taratibu, kama unapangusa yai. Ukimaliza tema, usisukutue na maji, dawa ibaki juu ya jino ifanye kazi. Ukila kitu kikali ngoja ipite saa nzima kwanza. Ndimu na mkaa, acha kabisa. Vile vitundu vitaziba kidogo kidogo."

"Mpaka jioni?"

"Wiki mbili, babu. Wengine tatu, wengine nne."

"Wiki nne!" Fundi aliruka mara ya tano, na safari hii hakuguswa. "Binti, mimi naumwa leo! Mtu anaumwa leo unamwambia wiki nne? Ndiyo kazi gani hiyo?"

Daktari alitazama tu pembeni ya chumba, ambako vifaa vyake vilikuwa vimepangwa kwenye maboksi sakafuni, boksi juu ya boksi, mwaka na zaidi. Alivitazama kwa adabu kabisa. Mimi nikatazama ndala zangu.

"Basi ning'oe," akasema Fundi kwa sauti ya chini.

"Sing'oi jino zima."

"Nikikuomba?"

"Hata ukipiga magoti, babu."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja sokoni, mimi nikimfuata nyuma na kifurushi cha dawa, kwa mtu anayeitwa Koleo. Huyu hana cheti wala kiti. Ana mfuko na maneno mengi. Alimfunua Fundi midomo kwa vidole viwili akapiga mluzi.

"Mazuri haya! Nitayang'oa yote asubuhi moja, adhuhuri uko kwako."

Bahati ilikuwa upande wangu: Koleo alikuwa anasafiri. Wakapatana Jumamosi, si hii wala ile inayofuata, ya tatu yake. Nikahesabu njiani. Siku kumi na saba. Nilikuwa na siku kumi na saba za kuyaokoa meno ya mtu asiyetaka yaokolewe.

Alikubali kutumia dawa katika siku hizo, ili baadaye binti yule asiseme hatukujaribu. Siku ya kwanza alipiga mswaki laini kwa ngumi ileile ya randa. Siku ya pili nywele za mswaki zilikuwa zimelala pande zote kama za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Umeona? Vitu vya siku hizi. Hauna nguvu."

"Wewe ndiye unazo."

Na kumbe kila akimaliza alikuwa anasukutua na jagi zima la maji, dawa yote inakwenda mtaroni kutuliza ganzi ya mawe. Nikamnunulia mswaki mwingine. Ule mgumu nikauficha kwenye debe la unga, mahali ambapo Fundi hajawahi kufika tangu tuoane. Jagi nalo likapata kazi nyingine kila alipopiga mswaki.

Siku ya tano alikuwa karakanani anagomba peke yake. Alikuwa na kijiko alichokichovya kwenye maji baridi, na kila baada ya nusu saa anakigusisha kwenye jino ili ajue kama limepona.

"Siku tano nzima! Siku tano nimeweka dawa yao, hakuna kitu!"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kwa ajili ya kitanda.

"Siku tano?" akasema. "Fundi, mimi nalala chini tangu mvua zilizopita."

"Mama, mbao haisukumwi. Lazima ikauke yenyewe. Ukiiharakisha, kitanda kinapinda, utakuja kunilaumu. Njoo Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Jumanne."

Mshonaji akaondoka. Nikamwuliza Fundi kama meno nayo hayataki kuachwa yakauke yenyewe.

"Meno si mbao," akanijibu kwa ukali.

Basi siku ile meno hayakuwa mbao. Sikubishana. Ukiishi na seremala unajifunza kwenda na nyuzi za mti. Jioni alipochukua mswaki nikakaa karibu yake nikichambua mboga, nikasema kama ninayeongea na mboga.

"Hivi ule mkono wa mwisho wa vanishi, wanafunzi wako ulikuwa unawaambia wakandamize brashi?"

"Thubutu! Ukikandamiza unaacha michirizi. Unashika kwa ncha za vidole, unaiacha brashi itembee yenyewe."

"Aa."

Akanitazama. Nikaendelea na mboga. Akautazama mswaki, akaugeuza, akaushika kwa ncha za vidole kama penseli. Kuku siku hiyo hawakusogea. Alipotema akatafuta jagi, hakuliona, akajifuta mdomo kwa mkono akaingia ndani.

Siku zikaenda. Dawa anaweka, lakini kila siku anaitangazia kifo. Siku ya kumi na tatu aliniambia kijiko bado kinachoma. Nikamwuliza kinachoma kama siku ya kwanza? Akasema hizo ni hesabu za wanawake, kinachoma ni kinachoma. Na Mzee Seti kila jioni yupo pale kibarazani, anapigapiga meno yake, ka ka ka, kama anayejaribu taipureta.

"Zimebaki siku ngapi, bwana harusi?"

"Nne," anajibu Fundi, ameinua kidevu.

Nilimwomba mara moja, waziwazi. Nilimwambia, "Baba watoto, ngoja ziishe hizo wiki nne. Zikiisha bila nafuu, nenda." Akasema, "Koleo nimeshampa neno langu." Mwanamume huyu ameupa mtaa mzima neno lake kwa miaka arobaini, na hili la Koleo ndilo alilopanga kulitimiza.

Ijumaa, siku moja kabla, nilipika. Nyama ya mifupa, si laini sana, na karanga za kukaanga kwenye sahani pembeni. Kisha nikatokeza kichwa juu ya uzio.

"Shemeji, leo chakula ni hapa. Tunamuaga Fundi na meno yake."

"Shemeji, hukosei!" Mzee Seti akaja amenyoosha shati.

Tuliketi watatu. Nikapakua, nikamwekea mgeni pande kubwa. Fundi akaanza kula polepole, upande mmoja. Mzee Seti akanawa, akajifuta, akageukia ukuta kidogo. Tukasikia *kwap*. Tukasikia tena *kwap*. Alipotugeukia, uso wake ulikuwa umekunjika kama mfuko uliotolewa vitu, na meno yote, ya juu na ya chini, yalikuwa ndani ya leso. Akaikunja leso, akaiweka mfuko wa shati, akaipigapiga.

Fundi alibaki na tonge hewani. "Mbona unayatoa?"

"Ninakula, bwana." Sauti ilitoka na upepo mwingi.

"Si ndiyo wakati wake?"

"Aa, haya? Haya ni ya kuongelea. Ukiyatafunia nyama yanahama. Chembe ya karanga ikiingia chini yake, ndugu yangu, utamtaja mama yako." Akaitwaa ile nyama, akaanza kuinyonya. Aliinyonya kwa bidii, mashavu yanaingia na kutoka. "Tamu sana, shemeji. Mchuzi umekubali."

"Hukuniambia," akasema Fundi.

"Hukuniuliza. Wewe uliuliza maumivu. Maumivu sina."

Fundi akatazama nyama kwenye sahani ya Mzee Seti, imenyonywa mpaka imekuwa nyeupe lakini bado nzima. Akatazama karanga. Mwisho akanitazama mimi, mdomo wangu, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nakula wali, upande wa kushoto, kama siku zote. Fundi akachukua karanga moja, akaiweka kwenye gego, akaivunja. Nilisikia ilivyovunjika. Akachukua nyingine.

Asubuhi ya Jumamosi hakwenda sokoni. Hakuniambia haendi na mimi sikumwuliza. Saa nne Koleo mwenyewe akaja na mfuko wake begani, maana mteja wa meno thelathini haachwi hivihivi.

"Fundi! Nimekungoja tangu saa moja!"

Fundi aliinama juu ya meza ya kazi. Alikuwa amezichukua mbao za kitanda cha mshonaji na anazipiga randa kwa kasi ambayo sijaiona tangu harusi yetu.

"Ah, Koleo. Leo haitawezekana. Kuna mama analala chini hapa, ni aibu. Lazima nimalize kitanda chake."

"Na meno?"

"Meno yapo. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi hii ijayo?"

"Jumamosi."

Nilijifunika uso kwa kanga nikaenda jikoni kucheka. Koleo, maskini, aliamini. Jumamosi iliyofuata alirudi, na Fundi, ili asionekane mtu mwoga, ilimbidi akutwe na kazi nyingine ya dharura. Kitanda kilishapelekwa, mshonaji aliguswa sana, akaleta wifi yake akishuhudie. Kwa hiyo Fundi akazivuta zile mbao sita za ukutani, mjusi akakimbia, na kabati la zahanati likaanza kuwa kabati. Jumamosi ya tatu akawa anapaka vanishi, na Koleo akaambiwa vanishi haiachwi katikati. Baada ya hapo hakurudi tena. Nasikia anasema mjini kwamba Fundi ni mwongo, na mtaa mzima ulishangaa kwamba amejua leo.

Wakati wote huo dawa ilikuwa ikiendelea, asubuhi na usiku, kwa ncha za vidole. Kile kijiko cha kujipimia sikumbuki lini kiliacha kutumika. Nilikikuta siku moja kwenye kopo la gundi.

Kabati tulilipeleka zahanati kwa mkokoteni. Daktari alilizunguka, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Nadhani alikuwa haamini.

"Asante sana, babu. Kaa basi nikutazame kidogo. Ni wiki ya saba sasa."

"Sina neno. Yalipona yenyewe," akasema Fundi, lakini akakaa.

Daktari akachukua bomba dogo linalopuliza hewa ya baridi. Akamweleza kwamba atapuliza jino moja moja, na pale anapochomwa ainue mkono. Fundi akashika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho, miguu ikakakamaa mpaka kiatu kimoja kikachomoka. Daktari akapita juu, akapita chini. Mkono haukuinuka.

Daktari akalirudisha bomba mahali pake.

"Haya, binti," akasema Fundi, macho bado amefumba. "Washa."

"Nimeshamaliza, babu."

Akafumbua jicho moja. "Umemaliza nini?"

"Nimepuliza yote. Unaendelea vizuri sana. Ila fizi hazitarudi zilipokuwa, kwa hiyo mswaki laini na hiyo dawa ni vya maisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema mimi.

Fundi akavaa kiatu chake, akaaga kwa heshima zote, akalipapasa kabati mara ya mwisho. Tulipofika nje akanisogelea, akashusha sauti, sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Mtoto wa watu mzuri," akasema. "Ila mashine ile wamemuuzia mbovu."